Dondoo muhimu: Kuchagua pikipiki ya spoti ya kwanza

Kabla hujalipa, pitia haya, hata kama bodaboda umeendesha miaka mingi.

1. Anza na injini ya cc 150 hadi 400: Yamaha R15, Yamaha R3 au Kawasaki Ninja 400 zinakutosha kabisa.

2. Achana na cc 600 kwa sasa. Yamaha R6 ina nguvu za farasi zaidi ya 100. Ukivuta mafuta kidogo tu kwa pupa, inakutoka mikononi.

3. Ikalie ukiwa na buti zako, miguu ikanyage chini. Kiti cha R3 kina kimo cha sentimita 78, cha R6 ni 85.

4. Isukume injini ikiwa imezimwa na uigeuze. Ikikulemea hapo, kwenye foleni itakuangusha.

5. Chagua yenye breki za ABS, hasa kama unaendesha msimu wa mvua.

6. Kama imetumika, pitisha kidole kwenye shokapu za mbele: ukikuta oili, sili zimekufa. Kisha kagua ncha za usukani na za mkono wa klachi. Plastiki mpya hubandikwa kirahisi, lakini mikwaruzo hapo inaonyesha ilishaanguka.

7. Soma tarakimu 4 ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

8. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi ya usajili.

9. Ulizia spea mjini kwako kwanza.

10. Helmeti, glovu na jaketi viwe ndani ya bajeti hiyohiyo.