Jumanne: Gharama ya Kushuka

Soma Luka 14:28–30. Mjenzi wa mnara alisahau kuhesabu nini?

Mlima Hanang, mkoani Manyara, una urefu wa mita 3,417. Wapo wanaoupanda kutoka Katesh na kurudi siku hiyohiyo. Anayeiacha njia iliyozoeleka huona kupanda si kugumu, kwa maana migongo ya mlima hukutana kileleni. Wakati wa kushuka, migongo hiyohiyo hutawanyika. Akikosea mmoja, giza litamkuta juu ya genge. Kwa hiyo mpandaji mwenye busara hugeuka nyuma mara kwa mara akikariri alama. Tena huweka saa ya kurudi, naye huitii hata kilele kikiwa karibu.

Jadilini: Ni kazi gani tumeianza tukiwa na nguvu za kuanza tu, si za kuimaliza?