Kinanda cha Nyuzi Nne

Katika bahari ya Pasifiki vipo visiwa viitwavyo Hawaii, ambavyo leo ni sehemu ya Marekani. Wenyeji wake hupenda sana kinanda kidogo cha nyuzi nne, mfano wa gitaa dogo, kiitwacho ukulele; na wengi husema maana yake ni kiroboto arukaye. Lakini asili yake ni ng'ambo. Mwezi wa Agosti, 1879, merikebu Ravenscrag ilitia nanga Honolulu, imewachukua Wareno wa kisiwa cha Madeira waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Hao waliunda vinanda kwa mfano wa vile vya kwao, wakatumia mti wa nchi ile uitwao koa, wenye ujamaa na migunga yetu. Mfalme Kalākaua alivipenda, na sifa zake zikaenea.

Sasa na tutazame kazi yenyewe. Mbao za ubavuni hulowekwa maji, kisha fundi huzikandamiza polepole juu ya bomba la chuma lenye moto mpaka zipinde. Akifanya haraka, huvunjika. Kisha hutia mgongo na kifua kwa gundi, na ndani ya kifua huweka mataruma, kama yale ya jahazi ila membamba sana. Hapo ndipo penye shida. Kifua kikiwa kinene, kinanda huwa bubu. Kikiwa chembamba mno, nyuzi hukivuta mpaka kibonyee. Unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya inchi, lakini kipimo peke yake hakitoshi, maana mbao mbili za mti mmoja hazilingani ugumu.

Kwa hiyo fundi humpelekea fundi mwenziwe kinanda kabla hakijapakwa vanishi. Mwenziwe hatazami urembo. Hukigonga kwa ncha ya kidole, hapa na pale, akisikiliza. Pengine husema, "Ndugu, hapa pana sauti, huku pamekufa. Kwangua kidogo ukingoni." Neno hilo huuma, hasa kwa mtu aliyekesha na msasa siku nyingi, lakini sikio lililozoea kinanda chake lenyewe halisikii upungufu wake.

Kisha hupima vijiti vya madini vilivyolazwa shingoni. Kanuni ya kale ni hii: ugawe urefu wa uzi kwa 18. Uzi wa inchi 13½ hutupa ¾ ya inchi, napo ndipo mahali pa kijiti cha kwanza. Kilichosalia ugawe tena kwa 18, na kuendelea. Kijiti cha kumi na mbili yapasa kiwe katikati kabisa ya uzi. Fanyeni hesabu hiyo nanyi, mtaona kimepungukiwa karibu sehemu moja ya ishirini ya inchi. Mafundi wa siku hizi hugawa kwa 17.817.

Ikiwa daraja, yaani kipande cha mti kishikacho nyuzi kifuani, halijatiwa gundi, fundi aweza kulisogeza kidogo kusahihisha sauti. Likiwa limekwisha kushika, itambidi alibandue kwa kisu chenye moto, na nyuzinyuzi za kifua huenda zikang'oka pamoja nalo.