Kuacha Kuna Gharama: Nani Atabeba?

SOMO LA KIKUNDI
Someni: Matendo ya Mitume 19:18-20 na 4:32-37



Watu wa Efeso walipoamini, wale waliokuwa wakifanya uchawi walileta vitabu vyao, wakavichoma mbele ya watu wote. Thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Kipande kimoja kilikuwa kama mshahara wa kibarua wa siku moja. Pigeni hesabu: hiyo ni kazi ya mtu mmoja kwa zaidi ya miaka 130! Mbona basi wasiviuze? Wangeviuza, ule uchawi ungehamia nyumba nyingine tu.

Kwetu pia iko hivyo. Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa akipika chang'aa. Karo ilitoka huko, mabati yalitoka huko. Alipookoka, alimwaga yote na kutoboa pipa. Kanisani tulipiga makofi sana. Muhula uliofuata mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na hakuna hata mmoja wetu aliyebisha hodi kwake. Waliobisha ni wateja wa zamani, pesa mkononi. Tuliposikia hayo tuliona haya. Tulishangilia sadaka ya mwenzetu, sisi wenyewe hatukutoa kitu.

Katika sura ya 4, Barnaba aliuza shamba ili wengine wasipungukiwe. Mzigo wa mmoja ulibebwa na wote. Basi tulikaa tukazungumza. Mama aliyekuwa na zamu ya kupokea mchango wa mzunguko alimpisha mwenzake, ingawa paa lake lilikuwa linavuja na mvua ilikuwa karibu. Mwenzake alilipa karo, na kwa pesa iliyobaki akanunua kuku na mbegu za sukuma wiki.

Je, anapata pesa kama zile za chang'aa? Hapana, tusidanganyane. Lakini analala bila kuogopa askari, wala hauzi kitu cha kuharibu mtoto wa jirani. Tukumbuke mwaka 2000, ambapo pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya 100 Nairobi.

Angalieni pia: si kila kuacha ni sadaka. Mtu akiacha kulima ati anaomba tu, au akitoa ahadi kubwa huku watoto wanalala njaa, asome 1 Timotheo 5:8.

Maswali ya kuzungumza
1. Ni kazi gani hapa kwetu inaleta pesa lakini inaumiza jirani?
2. Mwenzetu akiiacha, atakula nini mwezi wa kwanza?
3. Mimi mwenyewe niko tayari kumpisha zamu?

Kazi ya kufanya
Kabla ya mkutano ujao, watu wawili wamtembelee mwanachama mmoja aliyeacha kitu kwa ajili ya imani. Wasiende mikono mitupu.

Mungu awabariki.