SOMO: KUOKOA RAMANI ZILIZOHARIBIKA KATIKA KOMPYUTA NA KUWEKA NAKALA ZA AKIBA

Somo hili linawahusu watumishi wa idara zote zinazochora ramani kwa kompyuta, iwe ni za majengo, viwanja, barabara au mabomba ya maji, pamoja na wananchi wanaochorewa nyumba zao na mafundi binafsi. Mifano imetolewa katika programu ya AutoCAD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, ambayo mafaili yake huishia na alama ya .dwg.

Ramani ya kituo cha afya huweza kuchukua wiki tatu kuchorwa. Asubuhi moja mchoraji huifungua akakuta nusu ya kuta hazimo, au haifunguki kabisa, na huku mkandarasi yupo mlangoni anangoja vipimo vya msingi. Mara nyingi hasara kubwa hutokana na jambo analolifanya mchoraji baada ya hapo kwa fadhaa, kuliko kilichoiharibu ramani hapo mwanzo.

Sababu za uharibifu ni chache na zinajulikana: umeme kukatika wakati kompyuta inaandika, flashi kuchomolewa kabla ya wakati, diski kujaa, au diski yenyewe kuchakaa. Kuhusu umeme, wakaazi wa Unguja hawahitaji kuelezwa. Mwaka 2008 njia ya umeme wa baharini kutoka Bara iliharibika na kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima gizani. Kisha tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010, kiasi cha miezi mitatu. Lakini kwa faili, kukatika kwa dakika moja ni kubaya zaidi, kwa kuwa huja bila ya taarifa. Kifaa cha betri kiitwacho UPS, chenye kumpa mtumishi dakika kumi za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, ni bei ndogo kuliko mshahara wa wiki tatu.

Ikiwa faili limeharibika, jambo la kwanza ni kutolihifadhi tena. Sababu yake ni hii: kila mchoraji anapohifadhi, programu huigeuza ramani iliyotangulia kuwa faili la pembeni lenye mwisho wa .bak, na kuliweka katika folda ile ile. Akihifadhi ramani mbovu mara ya kwanza, ile nzima huwa bado imo katika .bak. Akihifadhi mara ya pili, ubovu nao huingia humo, na ile nzima imekwenda. Basi mafaili yote mawili yanakiliwe kwanza mahali pengine, na kazi ya uokozi ifanywe juu ya nakala.

Baada ya hapo nakala ya .bak ibadilishwe mwisho wa jina lake iwe .dwg, na ifunguliwe. Ikiwa haitoshi, litafutwe faili lenye mwisho wa .sv$ katika folda ya mafaili ya muda. Hili huandikwa na programu yenyewe kila baada ya dakika kadhaa, na hubakia pale tu programu inapozimika ghafla. Mchoraji akifunga kazi yake vizuri, linafutwa. Nalo hubadilishwa jina vivyo hivyo. Muda wa kuandikwa kwake hupangwa kwa amri ya SAVETIME. Dakika tano zinafaa.

Faili lenyewe lililoharibika hufunguliwa kwa amri ya RECOVER, ambayo hulikagua na kulitengeneza kadiri iwezekanavyo. Likifunguka, itumike amri ya AUDIT, na programu ikiuliza kama makosa yasahihishwe, ijibiwe ndiyo. Likikataa, ifunguliwe ramani mpya tupu, na ile mbovu iingizwe ndani yake kwa amri ya INSERT. Mara nyingine hukubali kwa njia hiyo.

Kabla ya kupoteza siku nzima, nakala ifunguliwe katika programu ya maandishi ya kawaida. Faili la .dwg lililo hai huanza na herufi AC10 zikifuatiwa na tarakimu mbili. La mtindo wa 2018 huanza na AC1032. Ikiwa mwanzo hadi mwisho ni patupu, ndani hamna ramani tena, na hakuna fundi wa kuirudisha. Hapo ndipo nakala ya akiba inapohitajika, kama ilikuwapo.

Utaratibu unaokubalika na wengi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mbali na ofisi. Neno mbali lisidharauliwe. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kampuni ya OVH la kuhifadhia data liliungua katika mji wa Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao nakala zao zilikuwa katika uwanja huo huo walipoteza vyote viwili. Kwa ofisi ya Unguja, diski iliyofungiwa kabatini Chake Chake ni mbali ya kutosha.

Folda inayojilinganisha yenyewe na intaneti haihesabiwi kuwa akiba pekee, kwani faili likiharibika hapa, ubovu hupelekwa kule mara moja. Ziwekwe nakala za siku mbalimbali, na mafaili mengine yanayoitwa na ramani hiyo yakiliwe pamoja nayo.

Aidha, nakala isiyojaribiwa isihesabiwe. Mwaka 1998 katika studio za Pixar nchini Marekani amri moja iliyotolewa kimakosa ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na akiba ilipotazamwa ikaonekana haikuwa ikifanya kazi. Filamu iliokolewa na nakala aliyokuwa nayo mtumishi mmoja nyumbani kwake.

Kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo, mtumishi mmoja achague ramani yoyote kutoka katika akiba, aifungue kwenye kompyuta nyingine, apime ukuta mmoja na kuulinganisha na ramani iliyochapwa, kisha aandike tarehe na jina lake katika daftari.