Tangazo Lichapishwe, Barua Isubiri

Taasisi nyingi zimeunganisha tovuti na barua pepe kiasi kwamba ofisa akichapisha tangazo, arifa humfikia papo hapo kila aliyejiandikisha. Tunashauri arifa hiyo icheleweshwe kwa makusudi, walau nusu saa. Tarehe ya usaili ikiandikwa 12 badala ya 21, kosa la ukurasani husahihishwa na msomaji anayefuata hukuta iliyo sahihi. Barua pepe haina nafasi hiyo. Seva ya mpokeaji ikishaipokea, ni maji yaliyomwagika. Hata kitufe cha kutengua cha Gmail hakirudishi kitu. Huizuia tu barua isiondoke kwa sekunde 5 hadi 30, yaani nacho ni ucheleweshaji, ila mfupi mno kwa mtu anayehitaji kusoma upya tangazo zima.

Ucheleweshaji huu una namna yake. Kuchapisha kusitume barua, bali kuweke kazi kwenye foleni, yenye namba ya tangazo na saa ya kutumwa. Saa ikifika, programu isome tangazo upya: likiwa limeondolewa, isitume chochote, likiwa limerekebishwa, itume maneno mapya. Hapa ndipo wengi hukosea. Huhifadhi nakala ya barua tangu mwanzo, kisha nusu saa baadaye husambaza kosa lile lile ambalo ukurasani limekwisha kuondolewa, na muda wote wa kusubiri unakuwa kazi bure. Programu ikishatuma, iweke alama, ili kurekebisha nukta moja wiki ijayo kusizue barua ya pili. Wanaotumia WordPress wajue pia kwamba kwa kawaida ratiba yake ya ndani huangaliwa pale tu mtu anapofungua tovuti. Usiku usio na wageni, barua ya saa 8 inaweza kutoka alfajiri. Dawa ni kuiachia seva yenyewe iamshe ratiba kila baada ya dakika chache, kwa kipanga-ratiba chake kiitwacho cron.

Watakaopinga watasema habari za dharura haziwezi kungoja. Ni kweli, lakini barua pepe haikuundwa kwa dharura. Kanuni zake za kiufundi zinashauri seva iliyoshindwa kufikisha barua isubiri angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na isikate tamaa hadi zipite siku 4 au 5. Onyo la mafuriko lipitie redio na ujumbe wa simu. Na huko nako haraka isiyo na kizuizi imewahi kuumiza: tarehe 13 Januari 2018 wakazi wa Hawaii walitumiwa kwenye simu zao onyo la uongo la kombora, na zikapita dakika 38 kabla ujumbe wa kulikanusha haujawafikia kwa njia hiyo hiyo. Baada ya siku ile, idara ya dharura ya jimbo hilo iliweka sharti kwamba watu wawili wathibitishe kabla ya onyo kutoka.