Ghala Halijaibwa: Makosa Tunayoyaona Tukigawa Hifadhidata

Katika toleo hili nimeonelea tusome jambo moja la kompyuta kwa Kiswahili, kwa maana mengi ya somo hili tunayapata kwa Kiingereza, tunaitikia "ndiyo mwalimu", halafu tukifika kwenye mashine tunakwama. Jambo lenyewe ni kugawa hifadhidata, au databesi kama tunavyoiita darasani, iwe faili mbili, na hasa makosa yanayojitokeza baada ya kuigawa.

Kwa nini igawanywe? Chukua mfano wa maktaba yetu yenye kompyuta mbili. Rekodi zimo katika programu ya Microsoft Access: kuna jedwali la wanafunzi, la vitabu na la mikopo. Hapo awali faili ilikuwa moja, ikibebwa kwa flashi kutoka mashine hii hadi ile. Matokeo yake zikawa nakala mbili zisizopatana. Msichana mmoja wa kidato cha nne alirudisha kitabu cha fizikia, kikaandikwa kwenye mashine ya mlangoni, lakini orodha ya wadaiwa ikachapishwa kutoka ile ya ndani. Akaambiwa alipe! Mamake huuza mboga, na bei ya kitabu kipya si mchezo. Bahati nzuri kitabu kilipatikana rafuni kikiwa na namba yake. Ndipo ikaamuliwa rekodi zote zikae mahali pamoja.

Kugawa hifadhidata ni kama duka lenye kaunta na ghala. Faili ya nyuma ndiyo ghala: humo mna majedwali tu, yaani rekodi zenyewe. Faili ya mbele ndiyo kaunta: ina fomu za kujazia, maulizo na ripoti, pamoja na viungo vinavyoonyesha ghala liko wapi. Faili ya nyuma hukaa katika folda moja ambayo kompyuta zote zinaifikia kupitia netiweki. Ya mbele kila kompyuta huwa na nakala yake. Watu wawili wasitumie kaunta moja, maana hapo ndipo faili huharibika.

Kabla hujagawa, weka nakala ya faili nzima kando na uhakikishe kila mtu ameifunga. Access ina chombo chake cha kugawa. Huyahamisha majedwali hadi faili mpya, ambayo kwa kawaida jina lake huongezwa _be mwishoni, kisha hubakisha viungo katika faili ya kwanza. Sasa tuyatazame makosa.

Kosa la kwanza: faili haionekani. Huu ni ujumbe namba 3024, na nduguye 3044 anayesema njia si sahihi. Wengi wakiuona hushtuka, ati rekodi zimepotea. Lakini ghala halijaibwa. Ni wewe uliyepotea njia ya kwenda ghalani. Kila kiungo hukumbuka anwani kamili ya faili ya nyuma. Mtu akihamisha folda au akibadilisha jina lake, kiungo kinabaki kikielekeza mahali pa zamani. Pia yawezekana mashine moja inaiita folda hiyo diski Z na nyingine inaiita diski Y. Dawa yake ni kufungua chombo cha kusimamia majedwali yaliyounganishwa, kuonyesha mahali mapya, basi. Ili yasirudi, tumia anwani inayoanza na jina la kompyuta yenyewe, kwa mfano \\MAKTABA\Rekodi\vitabu_be.accdb, badala ya herufi ya diski.

Kosa la pili: mlango umefungwa. Ujumbe 3051 husema faili imeshikwa na mtu mwingine peke yake, au huna ruhusa. Hapa ni lazima uelewe jambo moja. Access hutengeneza faili ndogo ya kufuli inayoishia na laccdb kando ya faili ya nyuma, ili ijue nani yumo ndani. Wa mwisho akitoka, kufuli hufutwa. Kwa hiyo ruhusa ya kusoma pekee haitoshi. Kila mtumiaji anahitaji ruhusa ya kuandika, kuunda na kufuta ndani ya folda hiyo. Bila hiyo utaona rekodi lakini huwezi kuandika, au mmoja akiingia mwingine anafungiwa nje.

Kosa la tatu: muundo haubadiliki. Unataka kuongeza safu ya "tarehe ya kurudisha", Access inakataa. Si ugonjwa huo. Jedwali unaloliona ni kiungo tu. Waombe wenzako wafunge, fungua faili ya nyuma yenyewe, na ubadilishe huko. Uhusiano kati ya majedwali nao ulindwe huko huko.

Kosa la nne: faili haitambuliki, namba 3343. Mara nyingine Access ya zamani inajaribu kufungua faili ya aina mpya. Faili za accdb zilianza na Access ya 2007, za kabla yake ni mdb. Lakini kama jana ilifunguka kwa mashine hiyo hiyo, huenda imeharibika. Inakilishe kwanza, ndipo ujaribu kifaa cha kubana na kutengeneza. Mara nyingi chanzo ni netiweki kukatika mtu akiwa katikati ya kuandika, kwa hivyo waya ni bora kuliko wai-fai.

Sasa neno langu kubwa ni hili. Ukiona ujumbe wa kosa, usikimbilie kurudisha nakala ya mwezi jana juu ya faili ya nyuma, wala kuunda majedwali mapya matupu. Hapo ndipo rekodi hupotea kweli, na mikopo ya muhula mzima huenda nayo. Kwanza nenda kwenye folda ukaitazame faili ya nyuma kwa macho yako. Ikiwa ipo, mara nyingi tatizo ni njia au ruhusa. Haraka haraka haina baraka, hasa pale jina la mtu linapoweza kubaki katika orodha ya wadaiwa bila hatia.

Maswali ya kujipima:

1. Kwa nini kila kompyuta iwe na faili yake ya mbele?

2. Faili ya laccdb ina kazi gani?

3. Ujumbe 3024 umetokea asubuhi ya kufungua shule. Utafanya nini kwanza, na ni jambo gani hutalifanya kamwe?