Mwashi, Kamba na Profesa



Baba yangu alikuwa mwashi hapa Gisenyi. Hakusoma hata darasa moja. Siku moja, nami nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nilimkuta karibu na Ziwa Kivu akipima msingi wa nyumba kwa kamba tupu, toka pembe hata pembe. Nikamwambia kwa kiburi, "Baba, hiyo si hesabu." Hakunijibu, aliendelea na kazi yake.

Aliyenionyesha kosa langu ni mtu wa mbali, Profesa Paulus Gerdes. Bwana huyu alizaliwa Uholanzi mwaka wa 1952. Msumbiji ilipata uhuru mwaka wa 1975, na mwaka uliofuata akaenda kufundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, Maputo. Walimu walikuwa haba, basi alifanya bidii kuwafundisha wale ambao wangekuwa walimu. Toka 1989 hata 1996 alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Ualimu huko. Alifariki Novemba 2014. Aliwatazama sana wasusi wa vikapu na wajenzi wa vijijini, akafundisha ya kuwa ndani ya kazi yao mna hesabu iliyofichika.

Huu ni mfano mmoja alioueleza. Mjenzi wa Msumbiji huchukua kamba mbili zenye urefu sawa, akazifunga pamoja katikati. Hulaza mwanzi wenye upana wa nyumba, akapiga kigingi kila mwisho wa mwanzi, akafunga ncha moja ya kila kamba kwenye kigingi chake. Kisha huzivuta kamba zikanyoka, akapiga vigingi viwili vingine penye ncha zilizobaki. Pembe zote nne ni pembe mraba!

Kwa nini? Tuite vigingi A, B, C, D kwa kuzunguka, na fundo O; kamba moja ni AC, ya pili BD. OA, OB na OC ni sawa. Kwa hiyo katika pembetatu OAB, pembe za A na B ni sawa. Tuseme kila moja ni *a*. Vilevile katika OBC, pembe za B na C ni sawa, kila moja *b*. Sasa tazama pembetatu kubwa ABC: pembe zake ni *a*, *a + b*, na *b*. Jumla ni digrii 180, basi *a + b* ni 90. Nayo ndiyo pembe ya B. Pembe nyingine huthibitishwa vivyo hivyo.

Niliposoma hayo baba alikuwa amekwisha kufariki, sikuweza kumwomba radhi. Wewe ambaye mzazi wako yu hai, nenda ukamtazame akifanya kazi, umwulize.

Zoezi: nyumba ina upana wa mita 5 na urefu wa mita 12. Kila kamba iwe na mita ngapi? Kwanza fanya kwa kalamu, kisha uwanjani kwa kamba.